Nati ya Sampu

Chini kabisa ya injini, mahali ambapo mtu anaweza kumiliki gari miaka kumi bila kupaona, kuna bolti moja fupi yenye kichwa cha pembe sita. Kazi yake ni kuziba tundu. Ukiifungua, oili chafu inamwagika. Ukiifunga, oili mpya inabaki ndani. Vitabuni ni bolti, lakini huku Muhoroni sijasikia fundi akiiita hivyo. Ni nati ya sampu, basi. Shingoni mwake hukaa wosha, kijiduara chembamba ambacho bei yake ni kama ya peremende chache.

Hiyo nati ni hati ya historia, na sisemi kwa utani. Ukijua spana inayoifungua, utajua nani alikuwa na nguvu kwenye barabara zetu gari hilo lilipoundwa. Na ukiangalia jinsi ilivyoumia, utajua aliyeigusa alifundishwa vipi, na kwa nini wosha ndiyo kitu cha kwanza ambacho hakikununuliwa.

Tuanze na mistari yake. Bolti inashika kwa sababu ya thredi, ile mistari inayopanda ikizunguka kama ngazi ya mnara. Kabla ya 1841, kila karakana kubwa Uingereza ilijichongea thredi yake. Bolti ya karakana moja ilikataa nati ya karakana nyingine, na mashine ikikufia mbali na ilikotengenezwa, pole yako. Mwaka huo fundi wa Manchester, Joseph Whitworth, aliyekuwa amekusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima na kuchukua wastani, alipendekeza thredi moja kwa wote: pembe ya digrii 55, na idadi maalum ya mistari kwa kila inchi kulingana na unene wa bolti. Kampuni za reli ziliipokea. Palipofika reli ya Mwingereza, Whitworth naye alifika, hata kama hakuwahi kuota kuhusu Nyando.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896. Mwaka 1901 ikateremka kutoka milima ya Mau, ikapita hapa Muhoroni, ikakata tambarare ya Kano, na Desemba ikafika ziwani, Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Hata kabla reli haijafika, meli ya SS William Mackinnon ilikuwa imeletwa kutoka Scotland vipande vipande, ikaunganishwa ufuoni na kushushwa majini 1900. Ifikirie kazi hiyo kama fundi. Bolti moja ikipotea njiani, mwenzake yuko Scotland. Hapo ndipo unaelewa kwamba thredi ya aina moja haikuwa starehe ya wahandisi. Bila hiyo, kutawala nchi ya mbali kwa mashine kungekuwa ndoto.

Mikono iliyofunga bolti hizo ilitoka India. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kwa mikataba kujenga reli. Wengi walirudi kwao, na zaidi ya 6,000 wakabaki. Miongoni mwao walikuwa wahunzi, maseremala na mafundi wa mitambo wa Kisikh, wale ambao Kiswahili kiliwaita Kalasinga. Wahindi wengine walipewa mashamba Kibos, wakapanda miwa, na kufikia miaka ya 1920 kulikuwa na kiwanda cha sukari Miwani. Kwa hivyo miwa na spana viliingia bonde letu kwa njia moja ya reli.

Mwafrika alikuwa wapi kwenye karakana hizo? Alikuwa amesimama kando, ameshika spana. Mishahara ya ukoloni ilipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na kazi nayo ikafuata mpango huo. Spana boi alitumwa namba fulani, akaileta, akaangalia. Hakuna aliyemweleza kwa nini kichwa cha bolti kinahitaji namba hiyo. Alijifunza kwa macho, na kwa kofi akileta isiyofaa. Huo ndio mtaala wa kwanza wa ufundi wa magari kwa babu zetu, na ukiingia gereji yoyote ya kando ya barabara leo utaukuta bado unaendelea, isipokuwa makofi yamepungua kidogo.

Tena namba zenyewe zilikuwa mtego. Spana ya Whitworth haikuandikwa upana wa mdomo wake. Iliandikwa unene wa bolti inayofunguliwa, kwa hivyo spana ya robo inchi ilikuwa na mdomo mpana kuliko robo inchi. Wamarekani nao walikuwa na thredi yao ya digrii 60 tangu enzi za William Sellers, 1864. Vita Kuu ya Pili ilipowalazimisha Waingereza na Wamarekani kutengenezeana silaha, bolti zikakataana. Novemba 1948, Marekani, Uingereza na Kanada wakatia sahihi thredi moja ya inchi. Mwaka huohuo Land Rover ya kwanza ilizinduliwa. Fundi wa Kisumu wa miaka ya 1950 alihitaji basi seti mbili za spana za inchi ambazo hazikubaliani, na akilini mwake ramani ya gari gani linatumia seti gani. Ramani hiyo ilipitishwa kwa mdomo.

Ukitaka kujua ujuzi wa aina hiyo ulifika wapi, panda mlima kutoka hapa hadi Kericho. Huko alizaliwa Joginder Singh mwaka 1932. Alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva maarufu, na mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshatumika. Gari la mtumba, jamani. Alishinda tena 1974 na 1976, kwa Mitsubishi. Watu walimwita Simba. Mimi nikiisoma orodha ya ushindi wake naona kitu kingine: kutoka Volvo hadi Mitsubishi, kutoka Ulaya hadi Japani, ndivyo barabara zetu zilivyohama. Datsun nayo ilikuwa imeshinda Safari 1970 na 1971. Kila ushindi ulikuwa tangazo, na kila tangazo lilileta magari ambayo bolti zake zilipimwa kwa milimita.

Leo ushindi huo umekamilika. Simama stendi ya Muhoroni asubuhi uhesabu Probox zinazojaza watu kwenda Awasi na Chemelil. Kanuni ya KS 1515 hairuhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka minane kuingia nchini, lakini likishaingia linazeekea kwetu. Nati ya sampu ya Probox inafunguliwa na spana namba 14. Thredi yake ni milimita 12 kwa unene, na kila ukiizungusha mara moja inasogea milimita 1.25. Nissan nyingi ni hivyohivyo. Honda nyingi zinataka namba 17, bolti ya milimita 14. Spana ya 14 imekuwa kama funguo ya nyumba: kila mtu anayo, kila mtu anaiazima, na kila mtu anadhani kwa sababu anayo, kazi anaijua.

Kazi yenyewe si ngumu, unaweza kuifanya nyumbani. Egesha mahali palipo sawa, washa injini dakika chache oili ilegee, kisha izime. Zuia magurudumu kwa mawe, inua kwa jeki, na uweke stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Tumia spana ya duara au soketi inayokumbatia kichwa chote. Achana na ile ya kurekebisha, inakula pembe. Legeza kinyume cha saa, ukikumbuka kwamba unaiangalia kutoka chini. Weka karai. Malizia kwa vidole, huku ukiisukuma nati juu hadi mwisho, kisha uitoe kwa haraka, oili isikuchome mkono.

Sasa ifute uisome. Mistari iwe na ncha safi kuanzia juu hadi chini. Ukiona imelala, au kuna nyuzi za chuma zinang'aa zimejisokota humo, hiyo nati imekwisha. Angalia wosha ya zamani, na uhakikishe haijabaki imeganda kwenye sampu, maana ukiweka mpya juu ya nzee, itavuja tu. Wosha ni laini kwa makusudi, iwe ya shaba, ya alumini au ya aina nyingine. Inatakiwa kufinywa, ijaze mikwaruzo midogo kati ya nati na sampu. Ikishafinywa mara moja imeshafanya kazi yake. Hiyo ndiyo sababu mpya inahitajika kila unapobadilisha oili.

Kufunga ndiko kunakoua sampu. Anza kwa vidole, mizunguko kadhaa, bila spana. Halafu kaza. Injini ya kawaida ya Probox inataka nguvu ya nyutoni-mita kati ya 37 na 38. Tuigeuze iwe hesabu ya mkono: kwa spana ya sentimita 20, hiyo ni kama kuning'iniza kilo 19 kwenye ncha yake. Si nguvu nyingi. Sasa mtu akichomeka bomba kwenye spana ili iwe na urefu wa mita moja, na mkono ukavuta kwa kilo zilezile 19, nati inapokea nguvu mara tano. Haihisi kama ukatili. Mkono hausikii tofauti. Thredi ndiyo inayosikia.

Hivyo ndivyo Probox ya jirani yetu ilivyoumia. Lilikuwa limefanyiwa sevisi kwenye gereji moja ya mbali, nati ikakazwa kwa bomba juu ya wosha ya zamani, na silikoni ikapakwa kuzunguka. Asubuhi kulikuwa na duara jeusi chini, ukubwa wa chapati. Yeye anabeba watu kila siku, na gari hilo ndilo karo, ndilo unga. Injini ikikosa oili haikupi wiki ya kufikiria. Vyuma vinasagana, na kwa dakika chache una gari la kuuza kwa kilo.

Tuliifungua nyumbani kwetu, na nati ikatoka na mistari ya sampu imejisokota juu yake kama waya. Dawa halisi ni kubadilisha sampu. Pesa hazikuwepo. Mjomba wangu, ambaye kwa Kijaluo namwita nera, akaenda kuleta mkebe wa maziwa ya unga uliojaa bolti kuukuu. Yeye alijifunza kazi kwenye karakana ya matrekta ya kiwanda cha sukari, enzi za Massey Ferguson zenye bolti za inchi. Akachagua bolti ya nusu inchi, na tepu ya kuchongea thredi ya saizi hiyohiyo.

Nikamuuliza inchi inaingiaje kwenye Toyota. Akasema, "Okewa, hizi ni ndugu wa baba mmoja. Wewe shika tochi."

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu. Nusu inchi ni milimita 12.7. Tundu ni la 12. Thredi laini ya nusu inchi ina mistari 20 kwa inchi, yaani kila mzunguko unasogea milimita 1.27. Ya Toyota inasogea 1.25. Tofauti ni sehemu mbili za mia za milimita. Kwa hivyo chuma cha kuchongea cha nusu inchi kinafuata njia ya thredi ya zamani karibu sawasawa, kikiipanua kidogo tu na kufikia chuma kizima ambacho hakijaliwa. Mjomba alipaka grisi kwenye chuma hicho ili machicha yanase, akachonga nusu mzunguko mbele, robo nyuma, akasafisha, akamwaga oili kidogo ya bei rahisi ipite na kutoa mabaki, halafu akafunga na wosha mpya ya shaba. Kwa vidole kwanza. Haikuvuja.

Hebu ona kilichotokea hapo. Makubaliano yaliyotiwa sahihi 1948 na nchi tatu zilizochoshwa na vita yalikuja kuziba tundu la gari la Kijapani chini ya mwembe Muhoroni, kupitia trekta za miwa. Hakuna mwongozo wa Toyota unaosema hivyo. Ujuzi huo ulikuwa kwenye mkono wa mzee mmoja kwa sababu aliishi wakati inchi na milimita zilipopishana, na akaamua kutotupa bolti.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya. Ndiyo iliyoupa ulimwengu mazoea ya kusema sekta isiyo rasmi, maneno ambayo Keith Hart alikuwa ameyatumia kuhusu Accra mwaka mmoja kabla. Ripoti ilisema wazi kwamba watu hawa wanazalisha, na kwamba serikali ilikuwa inawasumbua badala ya kuwasaidia. Sisi tayari tulikuwa na jina letu, jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila paa. Miaka 20 baadaye, Sessional Paper namba 2 ya 1992 ililiweka jina hilo kwenye sera. Paa zilijengwa hapa na pale. Ukienda Kibuye pale Kisumu utasikia nyundo kabla hujaiona soko yenyewe.

Lakini kutambuliwa huko kulihusu paa na mikopo. Kuandika kile ambacho watu hawa wanakijua hakukufuata. Mtihani wa Grade upo, NITA inausimamia, na cheti chake kinasaidia. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitamhubiria mtu kuhusu vyeti. Nasema tu kwamba mtihani unapima kama fundi anajua kitabu, na hakuna aliyepima kama kitabu kinamjua fundi. Mkebe wa mjomba haumo kwenye mtaala wowote ambao nimeuona.

Hata wosha ina historia yake. Hadi 1993 mwagizaji wa bidhaa alihitaji leseni, na spea ilikuwa kitu cha kutafutwa. Mafundi wa enzi hiyo hawakutupa wosha ya shaba. Waliiweka kwenye makaa ya jiko hadi iive nyekundu, wakaitumbukiza majini, nayo ikarudi kuwa laini. Hiyo si imani, ni tabia ya shaba. Ikigongwa au kufinywa inakuwa ngumu, ikipashwa moto inalegea. Leseni zilipoondolewa, spea zikajaa madukani, nzuri na feki pamoja. Ungetegemea wosha mpya iwe jambo la kawaida. Badala yake tulirithi nusu ya desturi: tunarudia wosha ya zamani bila kuipasha moto. Mkono ulikumbuka kubana matumizi, ukasahau sababu iliyofanya kubana huko kufanikiwe. Ndipo silikoni ikaingia kuficha, na ile inayobanwa kuelekea ndani hukatika vipandevipande na kwenda kuziba kichujio cha pampu ya oili.

Ndiyo maana sikubali watu wakisema mafundi wa jua kali ni wazembe. Walirithi mnyororo wa ujuzi ambao kila pete yake ilipitishwa kwa kuangalia tu, na kitu kinachopitishwa kwa macho hupoteza sababu zake njiani. Jicho linaona wosha ikirudishwa. Halioni kilichofanyika jana usiku kwenye jiko.

Oili iliyotoka nayo ina safari. Probox moja inatoa karibu lita tatu na nusu. Ukiimwaga nyuma ya nyumba Muhoroni, mvua ikinyesha inaelekea mto Nyando, unaopita Ahero na kuishia Ghuba ya Winam, ambako samaki wetu wanatoka. Wengine wanapaka nguzo za ua ili mchwa wasizile, na hiyo nayo inaingia udongoni polepole. Itie kwenye mtungi wenye kifuniko, umpelekee anayekusanya oili chafu kwa mapipa. Uliza gereji kubwa iliyo karibu, wengi wanamjua.

Mambo mengine machache, kwa sababu yanasahaulika. Nunua wosha tano kwa mpigo, ziweke kwenye gari. Nunua nati ya akiba, ukiilinganisha na ya zamani mistari kwa mistari kabla ya kulipa. Andika namba ya spana na nguvu ya kukaza kwenye karatasi, uibandike ndani ya boneti, atakayelifungua gari baada yako asianze kubahatisha. Na kama kwenu kuna mzee mwenye mkebe wa bolti, usimwombe bolti kwanza. Muulize kila moja ilitoka wapi na inaingia wapi, na uandike majibu. Wangu yuko kwenye bolti ya 31, na mkebe bado ni mzito.